Sinema Niliyomtafsiria Shemeji

Safari ndefu kuliko zote nilizowahi kufunga ni ile ya kutoka Kasongo kwenda Kabambare, na niliifunga kwa ajili ya maneno ya mwanamke mmoja wa Kizungu ambaye hata mwili hakuwa nao. Alikuwa picha kwenye shuka ya sinema. Wenzangu niliosoma nao walifika Kindu, Bukavu, wengine Elisabethville. Mimi nilikuwa na kiti changu barzani, mtungi wangu wa maji kando ya kiti, mama yangu ndani ya nyumba, na kazi ya kupiga mashine ya kuandikia katika ofisi ya teritwari, yaani ya serikali ya wilaya, ambayo ukisimama mlangoni kwetu unaiona. Siku za mvua niliiona iko mbali.

Miaka mitatu ya sekondari kwa mapadri ilinipa Kifaransa cha kutosha kuandika barua za Wazungu bila kosa kubwa. Ulimi sikupewa na mapadri, nilizaliwa nao, ila shule iliunoa. Watu wa mtaani walikuwa wakipita barzani kwangu asubuhi kusikia tu nimeamka na neno gani. Nami, hata nikiwa na homa, nilijitahidi kuamka na neno.

Kwa hiyo kamiyo, yaani lori, ya sinema ilipoanza kuja misheni, mapadri hawakuhangaika kutafuta mfasiri. Picha zilikuwa zikisema Kifaransa. Mfasiri alisimama kando ya shuka na bomba la bati mdomoni, kusema kwa Kiswahili kile kilichosemwa. Ndivyo walivyotaka mapadri. Lakini watu wetu walikuwa na desturi yao: mfasiri aliyesema tu kilichosemwa walimwita bubu. Walitaka chumvi. Mzungu akipanda farasi kwenye picha, nilisema anakwenda Nyangwe kununua samaki, na kwamba atakuta wamekwisha. Mabibi wawili wakikunjiana uso, nilisema wanagombania zamu ya kisima cha mtaa wetu. Ukumbi ulianguka kwa kicheko. Padri, ambaye Kiswahili chake kiliishia kwenye sala, alifurahi kuona Wakristo wake wamefurahi. Kazi yake yeye ilikuwa kuweka kofia mbele ya mashine ya picha kila watu wa kwenye picha walipokaribianisha midomo.

Niliamini kwamba watu huja kunisikiliza mimi, na sinema ni kisingizio tu. Ugonjwa huo sikuwahi kupelekwa nao hospitali.

Sasa niseme habari za dada yangu mkubwa. Aliolewa na mtu wa Nyangwe, mtoto wa wavuvi, muda mfupi kabla ya vita. Bulamatari, serikali ya Wabelgiji, akamchukua mumewe kuwa askari. Akaenda Abisinia, sehemu kubwa kwa miguu, kisha Misri, na aliporudi alikuwa na viatu vizuri na medali moja ambayo dada aliifunga ndani ya kitambaa. Tulimpokea kwa ngoma. Shemeji alicheza, akanywa, akacheka, tukasema vita vimekwisha.

Baadaye dada alianza kuona mambo. Mumewe alikula amesimama. Hakukaa mahali ambapo mlango ungekuwa nyuma yake. Na siku ya kwanza dada alipotwanga sombe, akapiga mchi mara tatu nne kwenye kinu, mumewe alitoka ndani mbio, akamvuta mguu, akamwangusha chini, akamlalia juu kama mtu anayefunika kitu kisionekane. Wakakaa hivyo, mashavu kwenye vumbi, majani ya muhogo yamemwagika. Halafu akainuka, akajikung'uta, akachukua jembe akaenda shambani. Jambo hilo hakulisema siku hiyo, wala siku nyingine.

Toka hapo dada alikuwa akileta sombe yake kutwangia kwetu. Majirani aliwaambia kinu chake kimepasuka. Kikabaki kimepasuka miaka saba. Mama mmoja akamhurumia, akamletea kipya. Dada akashukuru sana, akakigeuza, kuku wakawa wanapanda juu yake. Aliyejua ukweli nilikuwa mimi peke yangu. Aliniambia kwa sababu ni nduguye na kwa sababu uwanja ni wangu.

Mwaka ule ninaosimulia, shemeji alitia kidole gumba kwenye karatasi ya kazi ya wenye machimbo ya dhahabu, upande wa Salamabila. Kamiyo yao ingekuja kuchukua watu mwisho wa mwezi. Dada alimwuliza anakimbilia nini. Akajibu kwamba huko iko mashini inayolia mchana kutwa, mlio mmoja tu, haukatiki, na mlio usiokatika mtu anaweza kuuzoea. Kwake jibu lilikuwa limekamilika.

Ijumaa dada alikuja na kapu lake la majani. Mimi nilikuwa nimetoka kupiga kwa mashine tangazo la sinema ya Jumapili, nikamweleza kwa kujionyesha, kama kwamba nimeitunga mimi: askari anarudi kwake kutoka vitani, ana mama, ana mke. Dada aliuacha mchi ndani ya kinu.

"Iko muke ndani?"

"Iko."

"Na anamufanya nini huyo bwana?"

"Yaya," nikasema, kama tunavyowaita dada wakubwa, "sijaiona. Mi nimepiga karatasi tu."

Akafikiri. Kisha akasema: "Jumapili nitamuleta. Nitamudanganya hata kwa pombe, lakini atakuja. Na wewe mudogo yangu, siku hiyo usitie chumvi. Sema vile wanasema. Mi nataka nisikie ule muke anamwambia bwana yake nini. Maneno yangu mimi yote yameisha, nimeyajaribu yote. Akipanda ile kamiyo, ndiyo basi."

"Nitasema vile vile."

"Apa."

"Naapa."

"Apa kwa mama."

Nikaapa kwa mama. Mama alikuwa ndani anachambua mchele, akasikia, akapaza sauti: "Musiniingize mu mambo yenu!"

Jumapili alasiri ukumbi wa shule ulijaa. Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa mablanketi ili giza liingie, na pamoja na giza joto liliingia na kukaa. Wanaume mabenchini, wanawake kwenye mikeka. Shemeji alichukua mahali karibu na mlango, mgongo ukutani. Dada hakwenda kwenye mikeka. Alikaa ubavuni kwa mumewe, na minong'ono ikaanza, naye hakujali.

Nusu ya kwanza nilitimiza kiapo. Nasema hivyo bila kujisifu, kwa maana ndiyo sehemu pekee ya hadithi hii ninayoweza kuisimulia nikiwa nimenyoosha shingo. Askari alishuka kwenye gari moshi, nikasema ameshuka. Mama yake akamwambia amekonda, nikasema amekonda. Mabenchi yakaanza kulia. Mtu akakohoa kikohozi cha uongo. Sauti ikatoka nyuma: "Karani, leo umemeza ulimi?" Nyingine ikaitikia: "Bubu! Tuletee mutu mwingine!" Jasho lilinitiririka mpaka ndani ya bomba. Nilimtazama dada. Aliinua kiganja kidogo, kama mtu anayemtuliza mbuzi: endelea hivyo hivyo.

Ndipo kwenye picha askari akaingia jikoni, mama yake akaangusha kifuniko cha chungu, na yule bwana, mtu mzima na masharubu yake, akajitupa chini ya meza.

Ukumbi ukanyamaza. Ulikuwa ukimya wa watu walioona kitu. Mimi niliuelewa kuwa ni ukimya wa watu waliochoka nami. Bomba lilikuwa mdomoni. Nikampa yule askari wa chini ya meza maneno haya:

"Muke wangu! Si nilikwambia sombe ukatwangie kwa ndugu yako?"

Kwanza hakucheka mtu. Halafu kwenye mikeka mwanamke mmoja akasema "Eeeh!" ndefu, ya mtu aliyepata kitu alichokipoteza zamani, na mwingine akasema, "Kumbe kinu!" Kicheko kikashika kama moto kwenye majani makavu. Vichwa vikageuka mlangoni. Miaka saba ya kinu kilichopasuka, pamoja na yule mama wa zawadi ya kinu aliyekuwa amekaa mbele kabisa, iliisha kwa pumzi moja yangu.

Kwetu shemeji na shemeji hutaniana, na anayekasirika ndiye mwenye aibu. Desturi hiyo niliijua vizuri, nilikuwa nimejificha ndani yake. Shemeji naye aliijua. Kwa mwanga wa picha nilimwona anacheka, meno yote nje, akapiga makofi mawili kama anavyopaswa mtu aliyeshindwa kwa utani. Dada hakucheka. Hakunitazama pia. Aliyakaza macho kwenye shuka, kwenye midomo ya wale watu, kama kwamba kwa kukaza sana angekijua Kifaransa.

Nami nilikuwa nimeshalewa kicheko chao. Nikaendelea kutia chumvi mpaka mwisho. Katika sehemu ya mwisho askari alikuwa amekaa nje kwenye ngazi, mvua inamnyeshea, hataki kuingia. Mkewe akatoka, akakaa kando yake kwenye maji yale yale, akamwambia maneno marefu kwa sauti ya chini, naye polepole akageuza kichwa. Alimwambia nini, sikusikia. Nilikuwa nawaambia watu kwamba bibi anauliza kama chumvi imeletwa kutoka sokoni.

Kesho yake asubuhi shemeji alikuja barzani na jogoo aliyefungwa miguu. Ndivyo ilivyo: aliyeshindwa na shemeji yake mbele za watu humletea kuku, na mshindi hupokea kwa mikono miwili. Kukataa ni tusi kubwa kuliko utani wenyewe.

"Shemeji, umenipiga. Twaa."

Nikapokea. Jogoo alinitazama kwa jicho moja. Nilimwambia shemeji akae, hakukaa.

"Mi nakuuliza kitu kimoja. Ule muke, pale mwisho, mu mvua. Alisema nini?"

Miaka saba hakuwahi kuniuliza kitu. Aliniamkia, alinisaidia kuezeka nyumba, lakini kuuliza, hapana. Na mimi nikajibu: "Aliuliza chumvi." Mpaka leo sijui kwa nini. Kinywa changu kina miguu yake, hutangulia.

Alitabasamu kwa adabu. "Hapana. Maneno ya chumvi ni mafupi. Ule alisema mpaka bwana akageuza kichwa. Niliona mi mwenyewe. Alisema nini mpaka akageuza kichwa?"

"Shemeji, sikusikia vizuri."

"Aa," akasema. "Na wewe umesoma." Hakukusudia kunichoma, alishangaa tu. Akaenda zake.

Jogoo tulimla, kwa kuwa mama hakuona sababu ya kutomla. Mimi nilikula kidogo. Sawa, nilikula paja.

Toka siku hiyo dada hakuleta tena majani kwetu. Alitwanga uwanjani kwake. Afiche nini tena? Aliposhika mchi, mumewe alishika njia, na kila siku alirudi kwa kuchelewa zaidi, na mwisho wa mwezi ulikuwa unakaribia. Mimi kutoka kitini niliweza kuusikia ule mchi. Nilihamishia kiti nyuma ya nyumba.

Sinema ilikuwa imepelekwa Kabambare, ionyeshwe Jumapili mbili. Nikaomba ruhusa ofisini. Watu niliwaambia natumwa kwa kazi ya teritwari, maana ningesema kweli, kwamba naenda kusikiliza sentensi, nani angenisalimia tena? Nikapanda kamiyo iliyobeba chumvi na vitambaa, nikiwa na mto wangu wa kulalia, mtungi wangu, na kiti cha kukunja. Dereva alinitazama. "Karani, unahama?" Mama alilia kama kwamba naenda vitani. Nilipokwisha kukaa juu ya magunia ndipo nilipokumbuka kwamba kuna mtu alikwenda vitani kweli, kwa miguu, na siku hiyo mimi nilikuwa nimelala, nikaambiwa baadaye.

Ilituchukua siku mbili kwa sababu ya daraja moja bovu. Mgongo wangu haujaisamehe barabara ile.

Kabambare walionyesha sinema ndani ya ghala la pamba, milango imefungwa, nyuzi nyeupe zinaelea kwenye mwanga. Mfasiri wao alikuwa mwalimu mzee, anasema Kibangubangu na Kiswahili kwa zamu, na nilitambua mara moja kwamba naye ana ugonjwa wangu. Nikajisogeza mpaka kwenye sanduku la sauti, nikalikumbatia, sikio nikaliweka kwenye kitambaa chake.

"Ule mutu wa Kasongo iko na shida gani?" mmoja akauliza.

"Masikio."

"Aende hospitali, asituzibie."

Nikavumilia mpaka mvua ya mwisho ikaanza kunyesha kwenye shuka. Mwalimu alikuwa anawaambia watu kwamba bibi anamgombeza bwana kwa kulowesha suruali aliyoifua jana, ghala zima linacheka, na mimi, sikio kwenye sanduku, nikasikia. Mke alisema: "Yule aliyekwenda hakurudi, najua. Na mimi uliyeniacha sipo tena, ila hukuniuliza. Tumengojana mpaka tumekuwa watu wengine wote wawili. Basi tusiwatafute wale wa zamani. Niambie wewe ni nani sasa, nami nitakuambia mimi ni nani." Hapo ndipo askari alipogeuza kichwa.

Niliandika haraka, Kifaransa juu, Kiswahili chini. Nilipoinua macho niliwaona wanaume watatu wanne wa umri wa shemeji, wamesimama karibu na mlango, migongo ukutani. Walikuwa wanacheka na wenzao. Bomba la mwalimu lilikuwa karibu, ningeweza kulishika. Sikulishika. Nilikunja karatasi yangu nikaitia mfukoni, kwa kuwa mimi ni mtu wa nyumbani na hapo hapakuwa kwetu.

Nilifika Kasongo kamiyo ya Salamabila ikiwa bado siku mbili. Hata nyumbani sikupita. Niliwakuta wote wawili uwanjani, dada anapepeta mchele, shemeji anashona wavu ambao alijua hatautumia. Nikawaomba wanisikilize. Nikasimama kama mwanafunzi mbele ya ubao, nikasoma pole pole. Sikuongeza wala kupunguza neno.

Shemeji aliuweka wavu chini. Dada alimtazama yeye, na ungo ukabaki umeinama mikononi, mchele unamwagika kidogo kidogo bila yeye kuona. Kwa muda wa pumzi mbili tatu niliamini nimefika kwa wakati.

Halafu shemeji akaniinulia macho, na nikaona anachokitafuta usoni mwangu. Alikuwa anatafuta utani umekaa wapi. Alikuwa anangoja, kwa upole, nimalize.

"Halafu?"

"Hakuna halafu. Ndivyo alivyosema."

Akangoja tena. Kisha akacheka kidogo, kicheko cha kumwonea mtu huruma. "Shemeji, umetunga vizuri. Kweli wewe ni mutu wa maneno. Asante."

"Sikutunga! Nimekwenda Kabambare kuyasikiliza!"

"Ulikwenda kwa kazi ya teritwari," dada akasema. "Ulituambia wewe mwenyewe."

"Yaya, nilidanganya. Nilikwenda kwa ajili ya haya. Naapa kwa mama."

"Uliisha kuapa kwa mama," akasema, akaanza kuokota mchele.

Hakusema kwa hasira. Ningependa angekasirika. Nikampa shemeji karatasi; aliipokea kwa mikono miwili, akaigeuza, akaitazama pande zote kwa heshima, yeye asiyejua kusoma, akanirudishia. Angeweza kumpa mtu mwingine amsomee, lakini anayesoma mtaani petu, yule ambaye kila mtu humpelekea karatasi zake, nilikuwa mimi.

Kamiyo ilimchukua siku yake. Alipeana mkono na kila mtu, na kwangu alitania kwamba huko Salamabila atawatafutia wachimbaji wenzake karani mwenye ulimi kama wangu. Nikacheka, inavyopasa. Mwaka wa kwanza alikuja mara mbili, na vitambaa na sukari. Mwaka wa pili mara moja. Baadaye zilikuja salamu tu, kupitia kwa watu.

Dada sasa ni mzee, nami siko nyuma yake sana. Hupita barzani jioni, hukaa, hulalamikia magoti. Siku nyingine huniambia nimrudie yale maneno yangu ya mvua. Husema hivyo, yangu, nami nilikwisha kuacha kumsahihisha. Nayajua kwa kichwa. Humwambia pole pole, naye husikiliza amefumba macho, halafu husema ni mazuri, na kwamba hata kama niliyatunga, lau ningeyasema siku ile ukumbini, bwana yake akiwa amekaa pale kando yake, labda. Hamalizi. Mimi pia simsaidii kumaliza.